Swali la Kumi na Saba

Dundee, Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi,
ukungu wa mto Tay umelala juu ya magari
kama mtu asiyedaiwa kodi.
Ghorofa ya tatu, Idara ya Matengenezo ya Nyumba:
vikombe saba vya chai, viti vinne vizima,
na simu iliyoanza kulia kabla sijavua koti.

Ni Bi Effie Rattray, wa kule Lochee.
Ukungu umepanda ukutani, asema,
umefika kwenye picha ya marehemu mume wangu.
Umemla kola. Sasa unaelekea kwenye masharubu.
Anacheka. Kisha anakohoa, kikohozi kirefu,
nami nangoja, kalamu hewani, kimalizike.

(Kwetu neno ni moja: ukungu wa mtoni,
ukungu wa ukutani. Hapa wameyatenga,
kila moja na ofisi yake.)

Fomu yake imerudi mara tatu.
Si kwa kosa la anwani, wala la sahihi.
Ni swali la kumi na saba, ukurasa wa nne:
*Je, taarifa hii ilishatumwa kwa faksi? Taja tarehe.*
Mashine ya faksi tulimpa mtu wa vyuma chakavu
mwaka ambao binti yangu aliota meno.
Sasa binti yangu ana leseni ya gari.
Lakini ukiacha nafasi wazi, kompyuta inaisukuma fomu nyuma
siku ishirini na nane, bila haya, bila barua.

Walikuja wataalamu wa ubunifu,
soksi za rangi, vikaratasi vya njano ukutani.
Wakauliza: idara hii ingekuwa mnyama, ingekuwa mnyama gani?
Moira wa mapokezi akasema, kobe aliyeibiwa gamba.
Wakaandika. Wakalipwa.
Wakatuachia mfumo mpya, jina lake Daraja,
uliosimama siku mbili, ya tatu ukaanguka,
na ndani yake, nilifungua mwenyewe nikaona,
swali la kumi na saba limehamishiwa salama salimini
kama bibi harusi.

Nikaanza kuuliza: nani aliliweka?
Mwanasheria akasema si sheria.
Bajeti wakasema muulize mkaguzi,
mkaguzi akasema waulize bajeti.
Nikashuka chini, kwenye kabati la karatasi,
nikakuta herufi mbili pembeni mwa kumbukumbu za kikao: A.P.

Alasdair Petrie, mstaafu, anafuga njiwa Broughty Ferry.
Alinifungulia mlango na mtama kiganjani.
“Lile? Bado lipo?
Baridi ile mabomba mia tatu yalipasuka usiku mmoja,
fomu zikawa zinatujia mara mbili mbili.
Nililiweka la wiki sita.”
Akakaa kwenye ngazi. Njiwa wakadonoa mkononi mwake.
“Wiki sita,” akarudia. “La muda tu.”

La muda.
Ofisini hakuna kinachodumu kama cha muda.

Kulifuta kulitaka sahihi tatu na kikao kimoja.
Mkuu wa idara akauliza, gharama yake?
Nikasema, wino, bwana; nao unabaki kalamuni.

Tuzo walipewa Daraja.
Mafundi bado ni wawili kwa nyumba elfu nne,
na mmoja, Kenny, mgongo wake umeomba likizo kabla yake.
Siwezi kusema tumeshinda.
Lakini siku ya tisa Kenny alipanda Lochee
na brashi, na dawa, na feni ya kutolea hewa,
na Bi Effie akapiga simu kuniarifu
kwamba masharubu yamesalimika.

Kitu kimoja tu. Kupanga upya namba
ni kazi ya kamati nyingine, inayokutana Novemba.
Kwa hiyo fomu yetu inafika kumi na sita, inaruka,
inatua kumi na nane.
Watu hupiga simu: samahani, karatasi yangu ina upungufu,
la kumi na saba liko wapi?
Nawaambia liko Broughty Ferry,
linafuga njiwa.